Mwenye Mwili Hutoka Mwisho

Mtu akikuambia kuwa mambo makubwa huanzia kwenye mikutano mikubwa, mlete kwangu. Letu lilianzia kwenye kikombe cha chai, na aliyelichokoza ni mimi, kwa mdomo wangu huu ambao marehemu bibi alizoea kusema utakuja kuniponza. Haukuniponza mimi. Ulimponza Easter, ambaye hakuwa amenikosea lolote isipokuwa kupika chai nzuri.

Ilikuwa mwaka wa themanini na nne, mwaka wa ukame. Mabomba ya Kilifi yalikuwa yakikohoa asubuhi, yanatoa vijiko viwili vya maji ya kutu, kisha yanapumzika hadi kesho yake. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja pale mjini. Kila siku nilivuka na feri kutoka Mnarani, buibui limejaa vumbi, ili nikaandike kwa nakala tatu barua za kuwajulisha wananchi kwamba ofisi inafahamu kuna ukame. Easter ndiye aliyefagia na kutupikia chai. Alikuwa Mgiriama, amepanga chumba Kibarani, lakini kwao ni Mwahera, bara huko, mbele ya Bamba. Alikuwa amefanya kibarua ofisini miaka tisa bila kuajiriwa, kwa kuwa faili lake lilikuwa linashughulikiwa. Faili lile lilishughulikiwa kuliko faili lolote nililowahi kuliona.

Basi Easter akaenda kwao siku tatu, akarudi na dumu la maji, akatupikia chai ya saa nne kwa maji hayo. Nikapiga funda moja, nikaropoka kwa sauti ya kusikika hadi Takaungu:

"Easter! Maji haya umeyatoa wapi? Mbona matamu hivi?"

Naye, maskini, akajibu. "Ya pangoni, Bi Mahfudha. Pango la Garama, kwetu. Zamani mto ulipita pale ukalichonga jiwe hata ukaingia ndani. Mto umekufa, lakini maji ya ndani yamebaki. Jua liwake liwakavyo, yale hayakauki. Kijiji kizima twanywa pale."

Nyuma yangu nikasikia kikombe kikitua kwenye kisahani. Bwana Nahashon Thuku, mkuu wetu, alikuwa amesimama mlangoni.

Sikumchukia Bwana Thuku, na naomba hilo lieleweke. Alikuwa mtu wa Murang'a, ana miaka miwili pwani, na joto lote hilo hakuwahi kuonekana bila suti ya sufu yenye kizibao, maana cheo si shati kwamba utakivua ukitoka jasho. Alikuwa na mwili wa kutosha watu wawili na nusu. Dhiki yake ilikuwa moja: Malindi kulikuwa na watalii, Mnarani kulikuwa na magofu, na yeye katika eneo lake alikuwa na vumbi na mahindi ya manjano ya msaada. Alikitafuta kivutio kama mtu anavyotafuta mke wa pili, kwa siri na kwa tamaa.

"Hiyo pango," alisema, "iko kubwa namna gani?"

Easter akamwambia. Akamwambia kwa fahari, kwa mikono yote miwili, na kila mkono ulivyopanuka ndivyo nilivyoona macho ya Bwana Thuku yakipanuka nayo.

Kabla ya wiki kwisha tulikuwa na kamati. Mwenyekiti, Bwana Thuku. Mpimaji, Bwana Musembi, kijana mwembamba ambaye sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa "Ndiyo, bwana." Mjumbe kutoka wafanyabiashara, Bwana Abdurahman wa Malindi, mwenye kofia safi, mashamba ya minazi, na mabasi mawili ya kuwatembeza Wataliano waliochoka kulala mchangani. Mwandishi, mimi. Kwa saa mbili na nusu kamati iliamua mambo matatu juu ya pango ambalo hakuna mjumbe aliyeliona: litiwe lango la chuma, litiwe kufuli, na wanawake wachotao maji watafutiwe mahali pengine, kwa sababu madumu yao yangeharibu mandhari.

"Pengine wapi?" niliuliza, nijue la kuandika.

"Watachimbiwa kisima," akasema Bwana Thuku.

"Lini, bwana?"

"Andika 'baadaye'."

Easter alikuwa akitugawia chai. Alimaliza kuzunguka meza, hakumwaga hata tone, akatoka. Nilipomfuata jikoni nilimkuta ameshika birika tupu.

"Bi Mahfudha," aliniambia, "wakifunga pale, mamangu atakunywa nini? Kutoka kwetu hadi mto Sabaki ni siku nzima kwa miguu. Na huko kwenyewe mamba wana foleni yao."

Nikamwambia ofisi yetu husahau kila kitu, Inshallah na hili watalisahau. Nilijua nasema uongo. Ofisi yetu ilisahau mambo ya kheri tu.

Tukaenda siku ya Jumanne, kwa Landrova. Musembi aliendesha. Bwana Thuku alikaa mbele, na gari likainamia upande wake tangu Kilifi hadi Bamba. Nyuma tulikaa Bwana Abdurahman na mimi, na Easter juu ya gurudumu la akiba, ingawa yeye ndiye pekee aliyeijua njia. Baada ya Ganze nilianza kuona mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Bwana Thuku alipandisha kioo kwa ajili ya harufu, akaendelea kueleza mahali atakapoweka kaunta ya soda.

Chifu wa kule alikuwa amepata barua yetu, niliyoipiga taipu mwenyewe, iliyomtaka "aandae mazingira". Akayaandaa. Wanawake arubaini na zaidi walikuwa wamezuiwa kuchota tangu alfajiri ili njia iwe safi kwa ajili ya wageni. Tulipofika ilikuwa saa tano na nusu. Walikuwa wamekaa juani, madumu matupu mbele yao, na chifu akawaamrisha waimbe. Wakaimba. Sijapata kusikia wimbo wa makaribisho uliokauka vile. Bwana Thuku alipunga mkono na kusema wananchi wana furaha.

Lango la pango halikuwa na kishindo chochote. Ulikuwa mto mkavu, changarawe nyeupe, kisha ukuta wa mwamba, na chini yake ufa wa kimo cha mtu, umekaa mshazari. Mbele ya ufa alisimama mama mmoja mwembamba, mfupi, chupa ya mafuta ya mbono kiunoni. Huyo alikuwa mamake Easter, Mama Kazungu. Akasema na Easter kwa Kigiriama, na Easter akatufasiria.

"Mama anasema mambo ni matatu. Viatu nje, maana haya ni maji ya kunywa. Usitoe ndani kitu kisicho maji. Na kutoka, mwenye mwili hutoka mwisho."

"Kwa nini?" aliuliza Bwana Thuku.

"Kuingia hakuna taabu, bwana, jiwe linateremka, linakumeza. Kutoka ndiko kwenye kazi. Mwenye mwili akitoka mwisho akakwama, wenzake wako nje wamvute. Akitangulia akakwama, amewafungia wote." Easter akajitahidi kutokitazama kizibao. "Sisi hufanya hivyo hata kwa mama mja mzito. Hakuna dharau."

Ungedhani amemtukania ukoo. Bwana Thuku akauliza ni nani anayeongoza msafara. Akauliza kama katika ofisi yetu kumewahi kuonekana siku karani akatoka mlangoni kabla ya mkuu wake. Musembi akasema itifaki ni itifaki, bwana, sentensi mpya kabisa kwake, na akaonekana kujutia urefu wake. Mimi na Bwana Abdurahman tulivua viatu. Yeye ni mtu wa msikiti, mguu wake unajua. Musembi alikuwa amekwishafungua kamba za kiatu kimoja alipomwona mkuu anaingia na vyake. Akazifunga tena.

Sasa nitasema jambo bila mzaha, kisha nitarudi kwenye desturi yangu.

Pango lile lilikuwa zuri. Unateremka kwa ubavu, jiwe linakugusa mbele na nyuma, mapigo ishirini ya moyo hivi, kisha ghafla hakuna kinachokugusa. Nilisimama chini ya paa refu kuliko la msikiti wetu. Kuta zilikuwa laini kama ndani ya kata ya kuchotea, na juu yake ungeiona mistari, mmoja juu ya mwingine, kila mstari ni kimo maji yalichofikia mwaka fulani kabla ya babu zangu na babu za Easter kuzaliwa. Kulikuwa na baridi. Kwenye mwisho wa chumba maji yalikuwa yametulia, meusi, na kutoka darini tone likaanguka, nikangoja, likaanguka jingine. Nje kulikuwa na nchi nzima inayokufa kwa kiu, na huku ndani maji yalikuwa yakijihesabu tone kwa tone, hayana haraka. Nilitamani kulia. Easter alipiga magoti akateka kwa kiganja, akanipa mimi kwanza.

"Kaunta ya soda itakaa hapa," alisema Bwana Thuku.

Bwana Abdurahman akasema Wataliano watapenda, lakini watahitaji taa za rangi. Musembi akavuta utepe wake akapima marefu na mapana, akaniambia tarakimu nami nikaziandika. Mkuu akagundua kwamba pango linaitikia sauti yake. Hapo tukakwisha. Alitoa hotuba kamili kwa watu wanne, kuanzia shukrani kwa waliotangulia hadi maendeleo ya eneo, na pango likairudia hotuba yote nyuma yake, yeye akitikisa kichwa kwa kukubaliana nalo. Kisha akaona vijiwe vinavyometa vilivyoning'inia darini kama vidole. Akamwamuru Musembi avivunje.

"Bwana," Easter akasema, "tuliambiwa tusitoe kitu."

"Hizi ni sampuli."

Akazijaza kwenye mifuko ya koti, ya suruali, na hata ya kizibao. Alipomaliza alikuwa mkubwa kuliko alivyoingia, na hilo nilidhani haliwezekani.

Kisha akatangaza ziara imekwisha, akajipanga mbele, na itifaki ikaanza kupanda.

Nilikuwa nyuma yake, maana mwandishi hukaa karibu na mwenyekiti. Nyuma yangu Abdurahman, kisha Musembi na tochi, kisha Easter, ambaye hakuwa na cheo chochote cha kumpeleka mbele. Tulikwenda hatua nane. Hatua ya tisa mwenyekiti hakuipiga. Nikasikia mawe yakisagana mfukoni, pumzi ikitoka, halafu mwanga wote uliokuwa ukitoka nje ukazimika, maana alikuwa ameuziba.

"Mahfudha," sauti ikaja kutoka upande wa pili, nyembamba kidogo, "sukuma."

Nilisukuma nini na wapi, naomba niruhusiwe kunyamaza. Nilisukuma. Abdurahman akanisukuma mimi, akisema, "Samahani mwanangu, samahani mwanangu," kila aliposukuma. Musembi akamsukuma Abdurahman. Mwenyekiti akazama katika jiwe vizuri zaidi. Nusu yake ya juu ilikuwa duniani na nusu ya chini ilikuwa kwetu. Tochi ya Musembi ikageuka rangi ya chai, kisha ikafa.

Nikaandika gizani katika daftari langu, kwa saa niliyoichungulia kabla ya tochi kufa: saa saba na dakika kumi, mwenyekiti alikwama. Kwa nini niliandika sijui. Labda ni kazi, labda ni hofu. Nilihofu kweli, usidhani nilikuwa nacheka. Tone likaanguka nyuma yetu, na mara hii kule kutokuwa na haraka kwake hakukunipendeza.

"Usiandike chochote!" ilisema sauti ya nje, kana kwamba imeniona.

Ng'ambo yake tukawasikia wanawake wanakuja. Hawakuvuta. Walisimama. Kisha Mama Kazungu akasema, na safari hii kwa Kiswahili, nikajua kumbe anakijua siku zote.

"Bwana mkubwa, nasikia wataka kutia lango hapa."

"Mama, nivuteni!"

"Lango si hili umeshalitia? Maji yako huko, nasi tuko huku. Twalionja."

Nilimsikia Bwana Thuku akihema. Akasema jambo hilo litazungumzwa ofisini. Mama Kazungu akasema ni sawa, wao watakaa kivulini wangoje ofisi.

Hapo Easter akapiga kelele kutoka mwisho wa foleni yetu, kwa Kigiriama, maneno mengi, na kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia katika miaka yote ya vikombe. Nilimwuliza amesema nini.

"Nimemwambia mama amtoe. Huyu hafai kuwa funzo. Akifia pale, maji yote yatanajisika. Na wewe, Bi Mahfudha, uko huku ndani."

Nje nikamsikia Mama Kazungu akiwaambia wenzake, kwa kucheka kidogo na kwa Kiswahili ili mkuu asikie, kwamba wamtoe basi, si kwa ajili yake, ila yuko mbele ya maji.

Kazi ilikuwa ya pande mbili. Easter alipenya chini ya miguu yetu hadi mbele, akaanza kutoa vijiwe katika mifuko ya mkuu, kimoja kimoja, akinipa, nami nikimpa Abdurahman, naye Musembi, hadi vikarudi vilikotoka. Vilikuwa vingi. Halafu koti, kizibao na shati. Halafu, baada ya majadiliano marefu ambayo hayamo katika kumbukumbu za kikao, suruali, ambayo ilibidi Easter aikate kwa kisu chake cha kukatia miyaa ya mikeka. Upande wa nje walimpaka mafuta ya mbono mabegani na kiunoni. Wakahesabu, wakavuta. Mwenyekiti wa kamati alitoka kwa mlio kama wa kizibo, akaanguka katika changarawe akiwa na fulana, soksi, viatu vyake vya ngozi, na chupi ya kitambaa cha maua ambayo Mungu anajua nani alimchagulia.

Wanawake arubaini wakatazama pembeni. Hiyo ndiyo adabu yao. Ila mmoja, mzee sana, hakuwahi kugeuka, akacheka. Na kicheko kikaingia ufani, na pango, ambalo halibagui, likakirudia vilevile kama lilivyorudia hotuba.

Hawakungoja tena ruhusa ya chifu. Wa mwisho wetu alipotoka tu, wao wakaanza kuingia, madumu kichwani, viatu nje, na mwembamba wao mbele. Mama Kazungu alimfunga Bwana Thuku leso yake mwenyewe kiunoni. Leso ilikuwa na maandishi, kama leso zote: "Mgeni njoo mwenyeji apone." Akarudi nayo hadi Kilifi. Njia nzima hakuna aliyezungumza, isipokuwa Bwana Abdurahman, aliyesema tukifika Ganze kwamba Wataliano wengi, kwa kweli, nao ni watu wa mwili.

Asubuhi yake Bwana Thuku aliniita. Alikuwa amevaa suti nyingine. Akafunga mlango, akasimama dirishani akinipa mgongo, akaniambia nipige taipu ripoti ya kamati.

"Andika: kamati ilizuru Mwahera na kulikagua eneo lote kwa makini."

Nikaandika.

"Hakuna pango."

Vidole vyangu vikasimama. Nikaelewa. Pango likiwapo, wakubwa wa Bwana Thuku watataka kuliona. Wakienda kuliona, watawakuta wale wanawake. Na wale wanawake wana midomo. Njia ya pekee ya kuificha chupi ya maua ilikuwa kuliondoa pango duniani. Musembi alikwisha kuitwa kabla yangu, na vipimo vyake vilikwisha kuchanwa. Abdurahman alikwisha kupigiwa simu.

"Sasa," aliendelea, "wataniuliza kwa nini gari la ofisi lilikwenda. Andika barua nyingine, ianze kwa maneno hayo ya ripoti. Kibarua Easter aliipotosha ofisi kwa taarifa ya uongo juu ya pango na maji yasiyokuwepo. Anaachishwa kazi kuanzia leo."

"Bwana," nikasema, "Easter hakusema uongo."

Akageuka. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na macho ya mtu anayeomba.

"Wewe, Mahfudha. Uliona pango?"

Nilikuwa nimesimama ndani yake. Nilikuwa nimeyanywa maji yake kutoka kiganja cha Easter. Mdomo wangu, huu wenye kuropoka mpaka Takaungu, siku hiyo niliyouhitaji, ukasema:

"Sikuona, bwana."

Nikazipiga taipu zote mbili, kwa nakala tatu, bila kosa hata moja. Niliona aibu ambayo hadi leo, miaka yote hii, sijaizoea. Ningeweza kusema nilikuwa na watu wananitegemea. Nilikuwa nao. Easter naye alikuwa nao.

Alikuja mezani kwangu saa nne, na chai. Nikamwambia aketi, hakuketi. Nikamsomea barua, maana kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha, na nilipofika kwenye neno "uongo" machozi yakanitoka juu ya karatasi ya kaboni. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia yote, swali la mkuu na jibu langu. Nilitaka anitukane, ingenifaa.

Easter aliweka kikombe chini.

"Hebu rudia pale pa mwanzo," akasema.

"Wapi?"

"Pale pa pango."

"'Kamati ililikagua eneo lote kwa makini. Hakuna pango. Maji yaliyosemwa hayapo.'"

"Na chini ni sahihi ya nani?"

"Ya Bwana Thuku. Mwenyewe."

"Huyu atahamishwa siku moja," alisema Easter polepole. "Atakuja mwingine, naye atatafuta kivutio. Atasikia habari za kwetu." Akainama kwenye meza yangu, kidole chake chenye alama za moto wa jiko kikagusa karatasi. "Barua hii yangu, Bi Mahfudha. Nipigie muhuri."

"Easter, imekuita mwongo. Miaka tisa—"

"Nimesikia imeniita nini. Nipigie muhuri. Ule mkubwa, wenye tarehe."

Niliutoa katika droo, nikauchovya, nikaupiga. Ukatoka mshazari. Akautazama kwa makini, akaniomba nipige mwingine chini yake, ulionyooka. Nikapiga. Nikapiga na wa tatu, wa siri, ambao sikuruhusiwa hata kuugusa.

Easter akaikunja barua mara mbili, akatoa chini ya leso yake mfuko wa nailoni wa mkate, akaitia ndani, akaufunga fundo na juu yake fundo jingine, akavuta kwa meno kuhakikisha limekaza.

"Itaharibika vipi, nawe unakwenda nayo kwenu kwa gari tu?" nikamwuliza.

"Si garini," alisema. "Mama atataka kuiweka kule ndani, na kule kuna unyevunyevu."